Ripoti za Power BI Zijisasishe Zenyewe: Lango Kwanza, Ratiba Baadaye

Kupanga ratiba ya kusasisha ripoti ya Power BI, programu ya Microsoft ya kuchambua data na kutengeneza ripoti, ni kazi ya dakika tano. Kinachokula siku nzima ni njia ambayo data hupita mpaka kufika kwenye ripoti, na hitilafu nyingi huzaliwa humo.

Kwanza angalia ripoti inapataje data. Kama ni kwa DirectQuery, kila anayeifungua anaisoma hifadhidata moja kwa moja, na ratiba hii haikuhusu. Kama ni kwa Import, data imenakiliwa ndani ya modeli (hifadhi ya data iliyo nyuma ya ripoti), na takwimu unazoziona ni za siku iliponakiliwa mara ya mwisho.

Ikiwa chanzo ni seva ya ofisini au faili lililo kwenye diski ya kompyuta, huduma ya Power BI iliyo mtandaoni haiwezi kukifikia bila lango la data (gateway), programu inayounganisha huduma hiyo na data ya ofisini. Lango hupakuliwa bure kutoka Microsoft. Lisakinishe kwenye mashine isiyozimwa. Laptopu haifai, maana ikifunikwa ikalala, lango nalo limelala. Chagua aina ya kawaida, si ya binafsi, ili liendeshwe kama huduma ya Windows hata kama hakuna aliyeingia kwenye mashine. Utatakiwa kuweka ufunguo wa urejeshaji wenye herufi zisizopungua 8. Uhifadhi nje ya mashine hiyo: mashine ikifa na ufunguo haupo, lango halihamishiki, unaanza upya.

Kisha ongeza chanzo cha data kwenye lango. Hapa ndipo wengi hukwama. Tuseme kwenye Power BI Desktop, programu ya kompyuta ya kutengenezea ripoti, uliandika seva SRV01, halafu kwenye lango ukaandika 192.168.1.20. Mashine ni ile ile, lakini Power BI hulinganisha maandishi tu, kwa hiyo itakuambia lango halina chanzo hicho. Nakili jina la seva na la hifadhidata kutoka Desktop, ubandike kama lilivyo. Akaunti ya kuingilia isiwe ya mfanyakazi: siku akibadilisha nenosiri au akiacha kazi, usasishaji unakatika. Omba akaunti maalumu yenye ruhusa ya kusoma tu.

Sasa ratiba. Fungua mipangilio ya modeli ya data, si ya ripoti, uchague lango, kisha uwashe usasishaji wa ratiba na kuongeza saa. Leseni ya Pro inaruhusu mara 8 kwa siku, Premium mara 48, na saa huwekwa kwa saa kamili au nusu saa. Chagua ukanda wa saa kabla ya kitu kingine, kwani ukibaki UTC (saa ya kimataifa ya marejeo) ratiba yote itapishana na saa zenu. Na saa za Kiswahili zisikuponze: saa kumi na mbili asubuhi huandikwa 6:00 AM. Saa uliyoweka si ahadi pia. Foleni ikiwa ndefu, kazi inaweza kuchelewa hata saa nzima. Kikao kikianza saa tatu asubuhi, panga saa moja, na uhakikishe kazi za usiku za kujaza hifadhidata zimekwisha.

Kwenye Pro, usasishaji unaozidi saa 2 hukatwa. Kwenye Premium ni saa 5. Jedwali likiwa kubwa, usilinakili lote kila siku. Tengeneza vigezo RangeStart na RangeEnd vya aina ya tarehe na saa, uchuje safu ya tarehe kwa >= RangeStart na < RangeEnd, kisha uweke sera ya kusasisha siku chache za mwisho tu. Alama ya usawa ikae upande mmoja tu; ukiiweka pande zote mbili, rekodi za mpakani zitaingia mara mbili na jumla zitavimba bila kosa lolote kuonekana.

Washa baruapepe za hitilafu na uongeze mtu wa pili wa kuzipokea. Usasishaji ukishindwa mara 4 mfululizo, Power BI huizima ratiba, na ukisharekebisha tatizo utaiwasha mwenyewe. Ripoti isiyofunguliwa na mtu kwa miezi miwili nayo husimamishiwa ratiba.

Mwisho, weka saa ya usasishaji kwenye kona ya ripoti. Tengeneza jedwali dogo kwenye Power Query, sehemu ya Power BI ya kuandaa data, lenye thamani hii:

DateTimeZone.RemoveZone(DateTimeZone.SwitchZone(DateTimeZone.UtcNow(), 3))

Badala ya 3 weka tofauti ya ukanda wako na UTC. Usitumie kipimo cha DAX (lugha ya fomula ya Power BI) chenye NOW(): hicho huhesabiwa upya mtu anapotazama ripoti, kwa hiyo data ya wiki iliyopita itaonyesha saa ya sasa hivi.