Kutoka Mtwara na tarumbeta lako hadi Sauti za Busara

Tamasha la Sauti za Busara lilianza 2004. Hufanyika Februari, Ngome Kongwe, Unguja, na kinachopigwa jukwaani ni muziki wa papo kwa papo. Mdogo wangu uliyekulia kwenye matarumbeta ya kanisani, nenda hata kama hujaalikwa kupiga. Jiandae hivi.

Hatua ya 1: Jifunze kii za wapiga gitaa, yaani sauti ambazo wimbo hujengwa juu yake. Anza mwezi mzima kabla, maana hapa ndipo wengi wetu tunapokwama. Nyimbo za ibada na harusi tumezizoea kwenye F, B-fleti na E-fleti. Gitaa linapenda G, A na E. Tarumbeta letu ni la B-fleti, kwa hiyo tunapiga toni moja juu yao: wakisema G, wewe shika A, wakisema A, shika B, wakisema E, shika F-shapu, yenye shapu sita, yaani sauti sita zilizopandishwa nusu toni. Mara ya kwanza kukaribishwa kupiga na wenzangu baada ya onyesho, mpiga gitaa alisema "E". Nilitafuta sauti mpaka wimbo ukaisha. Iliniuma sana. Piga skeli (ngazi za sauti) za kii hizo tatu polepole kila siku mpaka vidole vizoee.

Hatua ya 2: Tunza midomo. Sauti inazaliwa kwenye midomo inayotetema, shaba inaikuza tu. Wiki ya mwisho usijichoshe. Mimi huenda Shangani ya hapa Mtwara jioni, napiga sauti ndefu za chini dakika tano, napumzika dakika tano. Midomo ikianza ganzi, acha. Ukikandamiza mausipisi, kile kipande cha kupulizia, ili upate sauti za juu, kesho yake hutapiga kitu.

Hatua ya 3: Fungasha. Chomoa mausipisi, iviringe kwenye soksi. Ukiiacha imechomekwa, begi likigongwa inanasa. Nimeona mtu akiing'oa kwa koleo, bomba likapinda pale pale. Beba mafuta ya pistoni (zile unazobonyeza kwa vidole) na kitambaa. Mafuta ya mgando ni ya mirija tu, yasiguse pistoni.

Hatua ya 4: Safari. Panda basi la alfajiri stendi ya Mkanaledi. Tarumbeta likae mapajani, si kwenye buti, hata kondakta akikuomba vipi. Lala Dar, asubuhi panda boti, na kitambulisho kiwe mkononi.

Hatua ya 5: Ukifika. Wahi, simama upande waliko wapiga tarumbeta na tromboni, tazama wanavuta pumzi wapi. Wakikukaribisha mpige pamoja, kumbuka joto: shaba ikipata moto sauti hupanda, na kinanda hakikufuati. Vuta kidogo mrija mkubwa wa kupangia sauti. Usiku suuza tarumbeta kwa maji ya vuguvugu, si ya moto, kwani hewa ya bahari ina chumvi.

Wakishuka jukwaani, wafuate kwa heshima: "Shikamoo kaka, pale mlipoingia wote, mlianza na sauti gani?" Mimi sijawahi kunyimwa jibu. Kisha kabla hujalala, iimbe sehemu hiyo kwa mdomo, uirekodi kwenye simu. Niliyorekodi hivyo usiku mmoja, ya matarumbeta mawili na tromboni, mpaka leo tunaingiza nayo maharusi huku Chuno, Mtwara.