Bandua Chaza, Acha Mzizi

Bamvua likipwa, akina mama wa Mlingotini na Kaole, huko Bagamoyo, hushuka mikokoni na panga, nyundo na ndoo. Chaza wamejazana kwenye mizizi, na jua halisubiri mtu. Ndipo wengine hukata mzizi mzima na kwenda nao nyumbani, wakabandulie kivulini. Nawaomba, kabla ya ushauri mwingine wowote, tuache hilo. Ukikata mzizi umechukua chaza wa leo pamoja na kikao cha chaza wa mwakani, na mkoko nao umepungukiwa mguu wa kusimamia topeni.

Chukua tindo fupi. Ingiza ncha pale maganda mawili yanapokutana, bandua la juu, toa nyama, la chini liache limeganda palepale. Kifaranga wa chaza huelea majini wiki mbili hadi tatu, kisha hutafuta kitu kigumu cha kujigandisha, na akishaganda hahami tena. Ganda la chaza mwenzake hulipenda mno. Akiangukia tope tupu, hufukiwa akafa.

Kwa hiyo lile rundo la maganda nyuma ya jiko ni mbegu. Kuku wa mayai wapewe lao lililosagwa, maana wanahitaji madini yake, lakini nusu irudi baharini. Yaanike juani majuma kadhaa, yatoboe, yatunge kwenye kamba, uning'inize kwenye chaga mdomoni mwa kijito. Aliyelima mwani hahitaji kufundishwa mafundo. Nguzo za chaga zisiwe za mikoko. Hiyo ni hifadhi, na kuikata bila kibali ni kosa. Weka kamba mahali zinapobaki wazi saa chache maji yakipwa, kwani jua huua viumbe vingi vinavyowasonga chaza.

Chaza hula kwa kuchuja maji. Yule mkubwa wa pwani ya mashariki ya Marekani huweza kuchuja hadi lita 190 kwa siku, hali ikiwa nzuri. Wetu wa mikokoni ni mdogo, tusimpimie kipimo hicho, ila kazi ni ileile: maji hutakata, mwanga hufika kwenye nyasi bahari, na tasi wakapata malisho. Katikati ya maganda hujificha kaa na kamba wadogo. Mvuvi wa nyavu naye anamtegemea chaza, hata kama hajawahi kumla.

Lakini achujaye maji huchuja na uchafu. Usichukue chaza karibu na mifereji ya maji taka, wala siku zinazofuata mvua kubwa za masika. Chemsha mpaka wafunuke, kisha waache wachemke dakika tano zaidi, asiyefunuka mtupe. Maji yakigeuka mekundu na samaki wakaanza kufa, usile kabisa, kwani huenda chaza wana sumu isiyoondoka kwa moto. Aliye salama ana zinki, chuma na vitamini B12 kwa wingi, na kwenye mchuzi wa nazi wenye ndimu hashindwi na samaki ghali wa sokoni.

Wadogo wasiofika upana wa vidole vitatu waacheni. Na kama wavuvi wa pweza wa baadhi ya vijiji vya pwani wanavyofunga mwamba usivuliwe kwa miezi, kaeni na kikundi chenu cha usimamizi wa fukwe (BMU) mkubaliane kijito kimoja kipumzishwe, kwa zamu.