Namna ya kutumia “in the end” bila kuichanganya na “at the end”

Mzungumzaji wa Kiswahili anayeandika Kiingereza hukwama kwenye “in the end” kwa sababu iliyomo ndani ya Kiswahili chenyewe, kwani lugha yake haimlazimishi kuchagua kihusishi. Kiambishi -ni kikishabandikwa kwenye nomino hubeba peke yake kazi ambazo Kiingereza huzigawa kwa maneno matatu: nyumbani ni “at home”, mfukoni ni “in the pocket”, na mezani ni “on the table”. Basi mtu akitaka kusema “mwishoni”, hana kinachomdokezea kama ni “in” au “at”, naye huchukua neno lililotangulia kumjia. Hapo ndipo inapozaliwa sentensi kama “The meeting is in the end of the month”, ambayo si sahihi. Ilipasa iwe “at the end of the month”.

Njia ya kuepuka kosa hili ni kuuliza maana kwanza na kuacha kihusishi kije baadaye. “At the end” huonyesha mahali au wakati ambapo kitu kinakomea: mwisho wa barabara, wa somo, wa mwaka. “In the end” haionyeshi ukomo wa kitu chochote; hueleza matokeo yaliyopatikana baada ya mashaka, mabishano, kungoja au kubadili nia. Ukiweza kuweka “hatimaye” na sentensi ikakaa sawa, andika “in the end”. Ukihitaji “mwishoni mwa”, andika “at the end of”. Usijipime kwa neno “mwishowe”, kwa kuwa hilo hutumika pande zote mbili na litakurudisha pale pale ulipokwama.

Alama ya pili ni neno “of”. Katika Kiingereza cha leo “in the end” haifuatwi na “of”, kwa hiyo ukijikuta umeandika “in the end of”, huna haja ya kufikiri zaidi: badilisha kihusishi. Lakini kinyume chake hakishiki, yaani kukosekana kwa “of” hakuthibitishi kwamba “in the end” ndiyo inayofaa. “At the end” nayo huweza kusimama peke yake pale ambapo msomaji anajua tayari ni kitu gani kinachokwisha. Tazama sentensi hizi mbili: “She smiled at the end” na “She smiled in the end”. Ya kwanza inasema kwamba alitabasamu sehemu ya mwisho, tuseme ya hotuba au ya filamu, na huenda alikuwa ametabasamu hata kabla ya hapo. Ya pili inasema kwamba alikuwa amenuna, akabembelezwa, kisha hatimaye akatabasamu. Neno lililobadilika ni moja tu, lenye herufi mbili, ila kisa ni kingine kabisa.

Kuna kirai cha tatu kinachoingia humu na kuvuruga mambo, nacho ni “at last”, ambacho pia hufasiriwa “hatimaye”. Hiki hubeba hisia ya mtu aliyengoja kwa muda mrefu na sasa amepata alichokitaka. Ndiyo maana mtu anaweza kupumua na kusema “At last!” tu, lakini hawezi kusema “In the end!” akanyamaza. “In the end he lost the case” ni taarifa ya kawaida. “At last he lost the case” humfanya msomaji adhani kwamba mwandishi alikuwa akiombea ashindwe. Hapa Kiswahili kina msaada ambao wengi hawautumii. Ukisema “hatimaye umefika”, kwa kiambishi -me-, mara nyingi Kiingereza chake ni “You have arrived at last”. Ukisema “hatimaye alifika”, kwa -li-, “He arrived in the end” inafaa. “In the end, you have arrived” haipendezi masikioni mwa wenye lugha, hata kama hawataweza kukueleza ni kwa nini.

Kuhusu nafasi ya “in the end” katika sentensi hakuna ugumu mkubwa. Kirai hiki hukaa mwanzoni, na kwa kawaida hufuatwa na mkato, “In the end, we sold the house”, au hukaa mwishoni bila mkato, “We sold the house in the end”. Kisiwekwe kati ya kitenzi na shamirisho. Kiswahili huvumilia “walikubali hatimaye pendekezo letu”, lakini “They accepted in the end our proposal” husikika kama mashine iliyofasiri neno kwa neno.

Kosa ninalolisahihisha mara nyingi zaidi limo katika barua na hotuba. Mwandishi amemaliza hoja zake, anataka kusema “mwisho, napenda kuwashukuru”, naye anaandika “In the end, I would like to thank you all”. Msomaji wa Kiingereza ataelewa kwamba mwandishi alisitasita sana kabla ya kuamua kushukuru, jambo ambalo si heshima hata kidogo. Hoja ya mwisho katika orodha hutanguliwa na “Finally” au “Lastly”. “At last” nayo haifai hapo, labda kama unakusudia kuonyesha kwamba hata wewe mwenyewe ulikuwa umechoshwa na hotuba yako.

Kama unataka kujijaribu, fasiri kipande hiki: “We argued for two hours. At the end of the meeting nobody had changed his mind, but in the end we signed the letter.” Kikao kiliisha bila mwafaka, barua ilitiwa saini baadaye, pengine siku kadhaa baadaye. Aliyefasiri kana kwamba saini zilitiwa kikao kikifungwa na arudie aya ya pili.