Jinsi ya kuchimba asili ya jina la ugonjwa

Utotoni kila mtu akija kumuuliza bibi habari za babu, anajibu "hawezi" kisha ananyamaza. Mi nabaki najiuliza hawezi nini, kutembea? kula? Kumbe kwa wazee wa pwani hiyo ni sentensi kamili, maana yake anaumwa. Miaka baadae nikaja kujua neno la Kiingereza disease limetoka Kifaransa cha zamani, desaise, des ni kukosa na aise ni raha, nikamkumbuka bibi palepale. Wenzetu walimuona mgonjwa amekosa raha, wazee wetu wakamuona amekosa uwezo. Toka siku hiyo kila jina la ugonjwa nalichimba, na nafanya hivi.

Anza na viambishi, vile vipande vinavyobandikwa kwenye neno. Ugonjwa, toa u- inabaki -gonjwa, ndo ileile ya mgonjwa na wagonjwa, m- ni mtu na u- ni hali, kama mzee na uzee. Hilo limejengwa humuhumu kwenye Kiswahili. Ila kwenye maradhi usikimbilie kukata ma- ukabaki na radhi! Nimeshaona watu wanasambaza kwenye magrupu eti maradhi humpata mtu aliyekosa radhi za wazazi, na inaniuma sana, maana kuna mtu yuko kitandani anaumwa kwelikweli afu anatumiwa meseji kwamba ana laana. Maradhi limekuja zimazima toka Kiarabu, marad, ile m ni ya mzizi wenyewe, na radhi ina mzizi wake mwingine kabisa. Ukikuta dh, gh au th kwenye neno, shuku Kiarabu kwanza kabla hujaanza kukatakata.

Ukimwi nao unateleza hapohapo, unaonekana kama una u- ya ugonjwa kumbe ni kifupi cha Upungufu wa Kinga Mwilini.

Baada ya hapo utazame mwili, maana majina mengi yamepewa na watu waliokaa na mgonjwa. Chikungunya ni neno la Kimakonde, homa yenyewe ilizuka 1952 huko kwenye uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanganyika ya wakati huo, na maana yake ni kujikunja. Mtazame aliyeipata akiamka asubuhi kwenda chooni, mkono mmoja ukutani, magoti hayanyooki, mgongo umeinama, vidole havishiki hata kikombe, utaona jina lote liko pale kwenye korido.

Alafu uliza walioita hivyo waliamini nini. Malaria ni Kiitaliano, hewa mbaya, watu walidhani inatokana na harufu ya mabwawa, na jina likabaki vilevile hata baada ya daktari Ronald Ross kuona vimelea vya malaria ndani ya mbu kule India 1897. Kwahiyo jina linakupa mawazo ya watu wa wakati ule, usilitumie kuamua matibabu, nenda kapime.

Mengine ni ya mahali tu, Ebola ni mto ulioko Kongo, Zika ni msitu ulioko Uganda, na watu wa sehemu hizo hawakuomba. Nafurahi Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilisema magonjwa mapya yasipewe tena majina ya mahali wala ya watu.

Kamusi za zamani ni nzuri lakini mzee ni bora zaidi. Ukienda kwake usimuulize "asili ya neno hili nini", hapo utapewa hadithi ya kutunga ili usiondoke mikono mitupu. Muulize "shikamoo bibi, zamani mtu akiumwa mlikuwa mnasemaje?" kisha kaa kimya. Andika sentensi nzima kama alivyoitamka, na jina la kijiji alikokulia, maana neno hilohilo ukivuka mto mmoja tu linaweza kuwa ugonjwa mwingine.