Kufuga uduvi wa rangi nyumbani Mwanza, kuanzia maji mpaka kuuza

Kila nikipeleka mzigo stendi ya Nyegezi lazima mtu achungulie chupa aulize, hawa uduvi wekundu umewavua wapi? Sijawavua. Uduvi wetu wa ziwani tunawajua wote, wale wadogo wanaokuja wamechanganyika na dagaa, Waluo wanawaita ochong'a, hawana rangi mpaka utumbo unauona. Hawa wekundu ni wa kufuga kwenye akwariamu na kuangalia, asili yao China na Taiwan, jina la kitaalamu Neocaridina davidi ila wafugaji tunawaita cheri. Nawafuga mwaka wa tano sasa na naandika haya kwa sababu naona watu wanapoteza hela na wanyama wanakufa kwa makosa yale yale, na karibu yote yanaanzia kwenye maji. Tunaishi pembeni ya ziwa tunadhani maji siyo shida yetu. Ni shida yetu sana tu.

Hatua ya 1: Chombo

Nenda kwa fundi vioo akutengenezee tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30, hilo linaingia lita 54 ukijaza mpaka juu. Kioo cha milimita 5 kinatosha kwa kimo hicho. Mwambie mapema silikoni isiwe ile ya bafuni yenye dawa ya kuzuia fangasi, maana ile dawa inatoka kidogo kidogo inaingia kwenye maji na uduvi hawaivumilii. Likishaungwa liache wiki nzima likauke ndiyo ujaze. Na meza iwe ya maana, maji peke yake ni kilo 54 bado mchanga na kioo chenyewe. Kama hela ya kioo haijapatikana chukua dishi kubwa la plastiki, mimi uduvi wangu wazuri kuliko wote wamezaliwa kwenye dishi jeusi lililokaa koridoni.

Filta nunua ya sponji inayoendeshwa na kapampu kadogo ka hewa. Zile zenye mota zinavuta watoto wote. Umeme ukikatika masaa matatu manne usihangaike, kama hujawarundika na mimea ipo watavumilia. Hita ya kupashia maji usinunue kabisa, Mwanza maji yakiwa ndani ya nyumba yanacheza nyuzi 23 mpaka 27 na hapo ndipo wanapopapenda.

Hatua ya 2: Maji, hapa tulia usome taratibu

Maji ya bomba Mwanza yanatoka ziwani, na maji ya Ziwa Victoria ni laini, yaani yana chokaa na madini machache mno. Ukichovya kipimo cha TDS, yaani cha madini yaliyoyeyuka majini, kinasoma chini ya 100. Hata haya mawe yetu makubwa tunayojivunia ni matale, hayayeyuki hayaongezi chokaa yoyote kwenye maji. Kwa samaki wengi hamna neno, ila uduvi anavua gamba lake kila baada ya wiki chache anatengeneza jipya na bila kalsiamu gamba jipya halijengeki. Utamkuta amekufa na mstari mweupe umemzunguka shingoni, gamba limekatikia pale likashindwa kutoka. Mwaka wangu wa kwanza nilipoteza zaidi ya ishirini hivyo hivyo, mmoja mmoja, na mimi nabadilisha maji kila siku nikidhani ni uchafu kumbe ndiyo nazidi kuwamaliza, kwa sababu na maji kubadilika ghafla kunawafanya wavue gamba kabla ya wakati.

Dawa yake ni rahisi. Chukua maganda ya mayai, chemsha, toa ile ngozi ya ndani, anika yakauke, vunjavunja, tia kwenye kifuko cha kitambaa kisafi uweke karibu na filta ili maji yapite. Magamba ya konokono unayookota ufukweni nayo yanafaa, ila yachemshe kwanza. Yanayeyuka polepole, wiki mbili tatu, usilazimishe. Mimi nalenga TDS 180 mpaka 250 na kama una kile kipimo cha matone cha ugumu wa maji, GH iwe 6 mpaka 8.

Klorini, ile dawa inayotiwa kwenye maji ya bomba: kinga maji kwenye ndoo iliyo wazi, yaache siku mbili itoke ndiyo uyatumie, ukiweka pampu ya hewa ndani ni vizuri zaidi.

Sasa kuna watu watasema mimi nakaa Igombe au Luchelele ziwa liko hapo nachota tu. Unaweza, ila sikiliza. Kichocho kwetu huku siyo hadithi, vijidudu vyake vinatoka kwenye konokono vinaingia kwa ngozi ukitumbukiza mguu au mkono, kwa hiyo usiingie majini kuchota. Maji yenyewe yakikaa siku mbili bila konokono ndani vijidudu hivyo vinakuwa vimekufa, hatari ni ukichota na konokono ukamweka kwenye tangi halafu kila siku unaingiza mkono. Na usichote karibu na wanapofua au mfereji unapomwaga.

Hatua ya 3: Mimea, halafu usubiri

Mimea mizuri ni ile inayoota ziwani kama manyoya ya kijani isiyo na mizizi, inakua haraka na inavuta uchafu. Lakini mimea ya ziwani inakuja na wageni: konokono, mayai yao, na watoto wa kerengende ambao wanaishi majini na wanakula uduvi mchana kweupe. Vaa glovu, suuza mara nyingi, kaa nayo kwenye ndoo wiki mbili tatu unabadilisha maji na kutoa kila kinachotembea ndiyo uhamishie. Kama kuna mtu mwenye tangi la zamani akupe mimea yake, chukua ya kwake uache ya ziwani.

Weka na majani makavu, yaliyodondoka yenyewe, ya mpera au mkungu. Yakioza taratibu yanaota utelezi juu yake na ule utelezi ndiyo chakula chao kikuu, watoto hasa.

Halafu subiri wiki nne mpaka sita. Washa filta, tupia punje chache za chakula cha samaki zioze. Kinachotokea ni kwamba uchafu unatoa amonia, bakteria wanaibadilisha kuwa nitraiti, wengine wanaibadilisha nitraiti kuwa nitreti ambayo haina makali. Hao bakteria hawauzwi dukani kwetu, wanakuja wenyewe na wanachukua muda wao. Amonia na nitraiti zikisoma sifuri kwenye vipimo na kioo kimeanza ukijani, hapo sasa unaweza kuweka uduvi. Najua kukaa unaangalia tangi tupu mwezi mzima inauma, mimi naona hii ndiyo hatua inayotenganisha watakaofuga na watakaoua.

Hatua ya 4: Kununua

Anza na kumi mpaka kumi na tano. Usichague majike makubwa yenye rangi kali, uduvi anaishi mwaka mmoja mpaka miwili tu na yule mkubwa ameshakula muda wake, chukua vijana wa sentimita moja na kidogo, wanazoea maji mapya kirahisi. Angalia tangi la muuzaji: kuna watoto wadogo? Kuna jike lenye mayai tumboni? Kama wote wana saizi moja na hamna mtoto hata mmoja basi hao wamefika juzi na yeye mwenyewe hajui kama watapona. Muulize TDS yake ni ngapi. Asiyejua hesabu hiyo mimi huwa sinunui kwake.

Rangi chagua moja. Wapo wekundu, wa bluu, wa njano, na wote hawa ni jamii moja, ukiwachanganya wanazaana na baada ya vizazi viwili vitatu unabaki na wa kahawia kama wa porini. Mtu pia atakuuzia wale wakubwa wanaoitwa Amano, ni wazuri kwa kula mwani ila watoto wao wanahitaji maji ya chumvi ili wakue, kwa hiyo usitegemee kuzalisha.

Na kuleta viumbe hai wa majini kutoka nje ya nchi kunahitaji kibali cha idara ya uvuvi, usipitishe kwenye begi.

Hatua ya 5: Kuwazoesha

Nenda famasi ununue mpira wa dripu, ule wenye kagurudumu ka kupunguzia. Weka uduvi na maji yao kwenye bakuli chini ya tangi, vuta maji ya tangi kwa mpira, punguza mpaka liwe tone moja au mawili kwa sekunde. Acha saa moja na nusu mpaka mbili, bakuli likijaa mwaga nusu uendelee. Kisha wavue kwa kijiwavu uwaweke tangini, yale maji waliyokuja nayo mwaga. Taa zima siku hiyo.

Kijiwavu hicho, jamani, kisiwe kipande cha chandarua chenye dawa. Nimeliona hili kwa rafiki yangu wa Buhongwa, kijana makini kabisa, katangi kote kaliisha usiku mmoja. Dawa ya kwenye chandarua na ile ya kupuliza mbu ni za jamii moja na uduvi ni ndugu wa wadudu, inawaua kwa kiasi kidogo usichoweza hata kukisikia harufu. Ukipuliza chumbani zima pampu kwanza maana inavuta hewa ile ile, funika tangi, au bora ulihamishie chumba kisichopulizwa. Mikono yenye mafuta ya kufukuza mbu usiingize. Na dawa za samaki zenye shaba, hizo usizisogeze.

Hatua ya 6: Chakula

Mara mbili au tatu kwa wiki inatosha. Jani la mchicha au tembele lililochemshwa likalainika, liache masaa machache ulitoe. Liwe la bustani yako au ya mtu unayejua hapulizi dawa. Kila wiki toa maji kidogo tu, asilimia kumi, rudisha yaliyokaa siku mbili.

Hatua ya 7: Wanazaana

Jike ni kubwa, lina rangi, na mgongoni nyuma ya kichwa utaona kitu cha njano kama tandiko, hayo ni mayai yanayojiandaa. Siku likivua gamba madume yanaanza kuogelea tangi zima kama yamechanganyikiwa, na kesho yake mayai yako chini ya tumbo, ishirini mpaka thelathini, analipepea kundi lile na vimiguu vyake mchana na usiku. Mimi mpaka leo nikiliona hilo naacha kazi nakaa. Wiki tatu mpaka nne watoto wanatoka wakiwa na umbo kamili la uduvi, milimita mbili, wanakula utelezi wa majani siku hiyo hiyo. Samaki asiwepo humo, hata gapi mdogo anawala. Wale waliopauka watoe uwaweke dishi lingine kila mwezi, bila hivyo wekundu unafifia.

Hatua ya 8: Kuuza

Siuzi mpaka tangi lifike mia na nauza niliowazalisha tu. Bei yangu elfu tatu kwa mmoja, ukichukua kumi nakuongeza mmoja. Siku moja kabla ya safari siwalishi ili wasichafue maji. Chupa ya maji ya lita moja na nusu, mpya, haijawahi kuwekwa kitu kingine, nusu maji ya tangi lao nusu hewa, kumi tu kwa chupa na kipande cha mmea wa kushika. Nafunga na magazeti ndani ya boksi, naandika juu viumbe hai, na nafuata gari au meli ya usiku, ile ya Bukoba inafaa sana kwa sababu kuna baridi na hawakai kwenye buti la gari juani. Mteja namtumia kwa maandishi TDS yangu na maelezo ya dripu kabla hajalipa, kama hana tangi lililokomaa namwambia subiri, hela yako ibaki nayo. Akifungua boksi siku ile ile akanitumia video ya waliokufa narudisha au natuma wengine.

Ukichoka kufuga niuzie mimi au mpe mwingine, usiwamwage ziwani wala kwenye mtaro unaoenda Mto Mirongo, maana nao unaishia ziwani. Sangara aliletwa miaka ya 1950, kufika miaka ya 1980 furu wetu walikuwa wameporomoka na aina nyingi hatuzioni tena, na uduvi wa ziwani ni chakula cha sangara wadogo na samaki wengine wengi, hatujui mgeni atamfanya nini. Hata maji unayotoa kila wiki yapitishe kwenye kitambaa, angalia kama kuna mtoto amebaki, halafu kamwagilie mchicha. Mchicha unayapenda sana yale maji.