Kujisomea Kiingereza ukiwa mwanafunzi wa amali

Mwanafunzi wa mafunzo ya amali, awe Mkokotoni, Mwanakwerekwe au Vitongoji, siku yake inakwisha karakana, jikoni au kwenye kutandika vitanda. Vipindi vya Kiingereza ni vichache, na peke yake havitoshi kumfanya azungumze na mgeni au asome maelekezo ya mashine. Kinachobaki ni kujisomea, na hapo ndipo nguvu nyingi hupotea bure.

Wengi huanza kwa kujaza daftari: neno la Kiingereza kushoto, maana yake kulia. Wiki mbili baadaye daftari limejaa na maneno hayakumbukwi, kwa sababu hayakuwahi kufanya kazi yoyote. Anza na kazi yenyewe. Chagua jambo moja unalolifanya kwa mikono wiki hii: kubadilisha washa (kile kipete cha kuzuia maji) ya mfereji unaovuja, kupima umeme kwenye soketi, kumpokea mgeni na kumpeleka chumbani. Andika kwa Kiswahili sentensi 8 hadi 10 ambazo kweli ungezisema kazini, kwa mpangilio wa kazi ilivyo. Kisha zigeuze kwa Kiingereza kwa akili yako mwenyewe, ukiacha pengo pale usipojua. Mapengo ndiyo yatafutiwe kwenye kamusi. Fundi wa mifereji atafika kwenye kitu kama hiki: "Turn off the water first. Remove the handle. The washer is worn out. I will put in a new one." Sentensi fupi za namna hii zinatosha kabisa kwa kuanzia.

Programu ya kutafsiri iwe ya mwisho, ya kukagua tu. Ukiitanguliza, itakupa sentensi safi ambayo kesho huikumbuki. Isitoshe, "amefika" ya Kiswahili haisemi ni mwanamume au mwanamke, kwa hiyo programu inabahatisha "he" au "she", na wewe unajizoesha kosa ambalo mgeni atalisikia mara moja.

Kuhifadhi maneno, tengeneza vikadi. Karatasi ya manila ya A4 ukiikunja nusu kwa nusu mara nne inatoa vikadi 16, kila kimoja takriban sentimita 7 kwa 5. Mbele andika sentensi kwa Kiswahili, nyuma kwa Kiingereza. Sentensi nzima, maana neno pekee halikuonyeshi linakaaje na wenzake. Weka bahasha tatu: ya kila siku, ya kila siku ya tatu, na ya kila wiki. Ukikijibu kikadi sawasawa bila kukigeuza, kinapanda bahasha. Ukikosea kinarudi ya kwanza, hata kama kilikuwa cha wiki. Vikadi vipya visizidi 6 kwa siku. Anayeingiza 20 kwa hamasa ya Jumamosi, Jumatano anakuta rundo la kurudia limemshinda, anaacha vyote. Ukiwa na simu, programu ya vikadi iitwayo Anki inafanya kazi hiyo hiyo, na ukishaweka vikadi haihitaji bando.

Matamshi yanataka muda zaidi ya yote, kwa sababu ukiwa peke yako husikii kosa lako. Wazanzibari tuna bahati moja: mwenye kusema "thamani" na "dhahabu" vizuri ana tayari sauti za "think" na "this" zinazowasumbua wanafunzi wa nchi nyingi. Pagumu ni irabu ndefu na fupi. "Sheet", yaani shuka, na "beach", yaani ufukwe, zina irabu ndefu. Ukizifupisha, kila moja inageuka tusi. Kwa mwanafunzi wa hoteli hili ni la kushughulikia wiki ya kwanza. Tanua midomo kama unayetabasamu, vuta irabu, ndipo ufunge. Halafu jipime: fungua kuandika kwa sauti kwenye simu, weka lugha iwe Kiingereza, sema neno hilo moja peke yake. Likitoka neno jingine, au nyota mahali pa herufi, irabu bado ni fupi. Usipime kwa sentensi nzima, kwani simu hukisia neno kutokana na maneno jirani na kukuficha kosa.

Mtego wa pili ni maneno tuliyokwisha kuyachukua: swichi, friji, breki. Fundi huyaona anayajua, akayatamka vile vile kwa Kiingereza na irabu ile ya mwisho, mgeni asielewe. Rikodi maneno kumi ya fani yako kwa sauti yako, kisha sikiliza kamusi ya mtandaoni ikiyatamka moja moja. Ya kwako yakiwa na irabu mwishoni ambayo kamusi haina, rudia ukiikata: "brake" inaishia kwenye k, na hapo ulimi unanyamaza.

Kwa sikio, fanya imla. Chukua sekunde 30 hadi 40 tu za kipindi chenye maandishi yake, kwa mfano 6 Minute English ya BBC Learning English, ambacho utakipakua ukiwa kwenye Wi-Fi. Sikiliza mara ya kwanza bila kalamu. Mara ya pili simamisha kila sentensi uandike. Mara ya tatu jaza mapengo, ndipo ufungue maandishi. Kwa kalamu nyekundu tenganisha makosa: neno nisilolijua, neno ninalolijua lakini sikulisikia, na tahajia. Kundi la kati ndilo la kulisikiliza tena na tena, kwa kuwa Waingereza huunganisha maneno, na "turn it off" inapita kama neno moja. Ukisoma maandishi kabla ya kusikiliza, zoezi limekufa, kwa sababu macho yataliambia sikio la kusikia. Kwa aliye Pemba, ambako wageni si wengi kama Nungwi au Paje, zoezi hili ndilo linaloshika nafasi yao.

Saa ijifunze mpaka itoke bila kufikiri. Kifungua kinywa cha saa moja hadi saa nne ni "seven to ten", na anayetafsiri neno kwa neno atasema "one to four". Namba ya kukumbuka ni sita: kuanzia saa moja hadi saa sita ongeza sita, kuanzia saa saba hadi saa kumi na mbili toa sita. Siku nazo zina lake. Kwa wengi wetu usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa, lakini "Friday night" ya mgeni inakuja baada ya mchana wa Ijumaa. Kwenye kuandikisha chumba au safari, taja tarehe kila mara.

Dakika 25 kila siku zinashinda saa tatu za Jumapili. Mwezi wa Ramadhani usipange baada ya tarawehe ikiwa unasinzia; baada ya alfajiri kichwa ni chepesi zaidi. Mara moja kwa wiki kaeni wawili, mmoja awe mgeni au mteja, mwingine fundi, bila karatasi. Mlipokwama pote paandikwe, na mpelekee mwalimu sentensi tatu tu zilizowashinda. Sentensi tatu atazijibu hapo hapo mlangoni; daftari zima ataliweka mezani likalala.

Ukimaliza mazungumzo ya kazi uliyoichagua bila kukwama zaidi ya mara mbili, chagua kazi nyingine. Ukikwama zaidi, baki nayo wiki ya pili, lakini punguza sentensi ziwe 5.