Kupiga Rangi Upya Sehemu za Pikipiki kwa Makopo ya Kupuliza

Mtu anayetaka kuzipa sura mpya sehemu kama tangi, madigadi au vifuniko vya pembeni vya pikipiki yake hahitaji kompresa wala bunduki ya rangi. Makopo ya kupuliza yanaweza kutoa kazi inayokaribiana sana na ya kiwandani, mradi mwenye kazi akubali kwamba saa nyingi zitakwisha kwenye msasa na usafi, na dakika chache tu kwenye kupuliza. Rangi mpya haifichi kitu: mkwaruzo ulioachwa, tone la grisi au alama ya kidole huonekana wazi zaidi chini ya rangi inayong'aa kuliko ilivyokuwa chini ya rangi iliyochakaa.

Fungua kila sehemu unayokusudia kuipiga rangi na uiondoe kwenye pikipiki, hata kama kuifunika injini kwa magazeti kunaonekana kuwa rahisi zaidi, kwa sababu vumbi la rangi hupenya popote na kingo zilizojificha hubaki na rangi ya zamani. Tangi lina hatari yake ya pekee. Lililomwagwa petroli huwa bado limejaa mvuke unaoweza kulipuka, na kwa kuwa mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni hadi ukutane na jiko au cheche. Limwage nje, liache wazi lipate hewa mbali na moto wowote, kisha uzibe mdomo wake na matundu yote kwa vizibo na tepu ya karatasi kabla ya kuanza kusugua kwa mkono na maji.

Watu wengi hujichosha kwa kukwangua rangi yote hadi kwenye chuma. Si lazima. Rangi ya kiwandani iliyoshika imara ni msingi bora kuliko wowote utakaouweka wewe, na inatosha kuisugua kwa msasa wa namba 400 wenye maji (namba ikiwa kubwa, msasa huwa laini zaidi) mpaka mng'ao wote upotee. Kwangua hadi kwenye chuma pale tu rangi inapobanduka au kutu ilipoanza: anza na namba 120 au 180, ondoa kutu yote, halafu panda hadi 240 na 320 ukitandaza kingo za rangi ya zamani mpaka zishuke taratibu. Fumba macho upitishe ncha za vidole juu ya mpaka huo. Vidole vikihisi ngazi, hakika macho yataiona baadaye. Palipobonyea pajazwe pati kidogo kidogo, isuguliwe ikikauka.

Usafi huja mara mbili, kabla ya msasa na baada yake. Dawa nyingi za kung'arishia pikipiki zina silikoni, na ukianza kusugua kabla ya kuisafisha, msasa huishindilia ndani ya mikwaruzo. Matokeo yake ni vijishimo vya mviringo ambapo rangi inajikusanya pembeni na kukataa kushika katikati. Osha kwa maji na sabuni, kausha, kisha paka dawa ya kuondoa mafuta kwa kitambaa kimoja na uifute mara moja kwa kitambaa kingine kikavu kabla haijakauka yenyewe. Tangu hapo usiishike sehemu hiyo kwa mikono mitupu.

Praima, yaani rangi ya msingi inayotangulia rangi yenyewe, huchaguliwa kulingana na kilicho chini yake. Chuma kilichobaki wazi na hasa alumini huhitaji praima yenye asidi inayojing'ata kwenye metali, lakini praima hiyo isipulizwe juu ya pati, kwa kuwa asidi huidhuru. Plastiki nyingi hazishiki praima ya kawaida, hivyo zitangulizwe na ile iliyotengenezwa kwa ajili ya plastiki. Juu ya hizo pulizia praima nene ya kujaza, iache ikauke, na uisugue kwa namba 600 yenye maji hadi iwe laini kabisa.

Chagua siku isiyo na upepo, yenye joto la nyuzi 18 hadi 25 na hewa kavu, maana unyevu mwingi hufanya rangi ipate ukungu mweupe. Mwagia sakafu maji kidogo ili vumbi litulie. Gololi iliyo ndani ya kopo ikianza kugonga, endelea kulitikisa kopo kwa dakika mbili nzima. Kopo la baridi linaweza kuwekwa kwenye maji ya uvuguvugu. Lisikaribie kamwe moto wala maji yanayochemka, kwa kuwa lina shinikizo na huweza kupasuka.

Shika kopo umbali wa sentimita 20 hadi 30, anza kubonyeza kabla ya kuifikia sehemu na achia baada ya kuipita, huku mkono wote ukienda sambamba na uso unaopigwa rangi. Kila mstari ufunike nusu ya uliotangulia. Tabaka la kwanza liwe jepesi kiasi kwamba cha chini bado kinaonekana, na hapa ndipo wengi hukosea, kwa kuwa hamu ya kuona rangi imekolea huwafanya warudie palepale hadi imwagike. Subiri dakika 10 hadi 15 kati ya tabaka na tabaka, au kama kopo linavyoelekeza. Tabaka tatu au nne kwa kawaida hutosha. Rangi ikitiririka, usiiguse. Iache ikauke kabisa, isugue, kisha upulizie tena. Kwa rangi yenye chembe za metali, tabaka la mwisho lipulizwe kutoka mbali kidogo ili chembe zitawanyike sawasawa, na rangi hiyo isisuguliwe kabla ya vanishi.

Vanishi isiyo na rangi, ambayo mafundi huiita kliya, ndiyo inayoamua maisha ya tangi. Kliya ya kawaida ya kopo huyeyushwa na petroli. Niliwahi kuitumia kwenye tangi, na matone machache wakati wa kujaza mafuta yakatosha kuilainisha yote kuzunguka mdomo. Kwa tangi tumia kliya ya vijenzi viwili, ambayo kigumishi chake hufunguliwa kwa kubonyeza kitufe chini ya kopo. Ikishachanganyika haiwekeki, hivyo andaa sehemu zote kwanza. Kigumishi hicho kina isosianeti, kemikali inayoweza kusababisha pumu ya kudumu, na barakoa ya vumbi haiizuii. Vaa barakoa yenye vichujio vya mvuke wa kemikali, miwani na glavu, fanya kazi penye hewa ya kutosha, na asiwepo mtu mwingine karibu.

Bomba la moshi lina rangi yake ya kuhimili joto, nayo hukomaa kwa kupashwa joto hatua kwa hatua kama kopo linavyoeleza, bila kliya. Diski za breki, hesi za bolti, makao ya beringi na mahali waya wa ardhi unapofungwa pasipigwe rangi. Kofia ngumu nayo iache ilivyo, kwa sababu viyeyusho vya rangi vinaweza kudhoofisha ganda lake bila dalili ya nje.

Sehemu inaweza kushikika baada ya siku moja, lakini tangi lisitiwe petroli kabla ya wiki nzima. Chembe za vumbi zilizonasa kwenye kliya iliyokomaa huondolewa kwa msasa wa namba 2000 wenye maji na tone la sabuni, kisha dawa ya kung'arisha kwa kitambaa laini, ukiepuka kingo kwa sababu huko kliya ni nyembamba. Wakati wa kufunga, weka washa za mpira au za plastiki chini ya bolti na kaza kwa mkono kabla ya kutumia spana, ili rangi isipasuke kuzunguka matundu.